Tukutuku Mbili, Kitako Kimoja

Nina pikipiki mbili na kitako kimoja. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu kama ninavyofanya kwa kila kitu, na jibu halibadiliki: moja lazima ibaki imesimama. Zamani hesabu hii haikuwa na taabu, kwa sababu vitako vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa kizito kuliko changu. Kilikuwa cha adjudant, askari mstaafu wa Base ya Kamina, kambi ya jeshi nje ya mji, ambaye sisi raia tulimwita Ajida, na aliyeamini kwamba duniani imetengenezwa pikipiki moja tu ya kweli, hizo nyingine ni vyombo vya jikoni.

Ya kweli ilikuwa yake, ya Kibelgiji. Chombo cha jikoni kilikuwa changu, cha Kijapani. Zote mbili ni pikipiki za kawaida, za kwenda kazini na kurudi, wala si za mashindano. Lakini ni za zamani kiasi kwamba vijana wa teksi wakipita na zao za Kihindi hupunguza mwendo ili wapate kucheka vizuri.

Nianze na Mjapani, kwa kuwa ni wa nyumbani. Baba yangu alikuwa mwalimu katika shule ya Wamethodisti hapa mjini. Aliinunua ikiwa mpya, akaipanda amevaa tai na kofia miaka yote aliyofundisha, na sijawahi kumwona akimpita mtu wa baiskeli mwenye haraka. Ni nyepesi. Mtu mmoja anaweza kuinyanyua juu ya gogo bila kuita jirani. Kiti chake ni kirefu: kwa mawazo ya kiwandani ni cha watu wawili, kwa desturi ya Kamina ni cha watu wanne na kuku. Baba mbele, mimi nimebanwa katikati, mama nyuma amekaa upande, dada yangu juu ya tangi akila vumbi, na kanisani tulifika. Injini yake inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo inatoa moshi wa buluu. Hadi leo nikiunusa moshi ule, mikono yangu inajikunja yenyewe ikisubiri sala. Unaipiga teke moja, inawaka. Ikigoma, unafungua buji, yaani plagi, unaifuta kwa pindo la shati, unairudisha, inawaka. Kosa lake ni sauti. Inalia nyeeee, kama mtu anayelalamika kupitia puani.

Mbelgiji alizaliwa kwa hasira. Wabelgiji walipojenga Base walileta pikipiki za jeshi, na walipoondoka hawakupata nafasi ya kubeba kila kitu. Moja ilibaki imelala nyuma ya hangari, imefunikwa mabati, imekuwa banda la kuku wa mke wa sajenti. Ajida alikuwa kijana wakati ule, fundi wa magari ya jeshi, ametoka mbali, kwa watu wa Lingala, kule Mbandaka. Aliliona gurudumu likichungulia kati ya mayai. Akamwendea yule mama, akamwambia kwa huruma kwamba banda lile linavuja, na kwamba yeye, kwa upendo wake kwa kuku, yuko tayari kumjengea jipya, mradi tu amruhusu atoe takataka za lile la zamani. Nimeishi kwa kupatana bei tangu nilipoota ndevu, nauza vipuri vilivyokwisha kutumika karibu na soko, na sijasikia mapatano mazuri kuliko hayo. Inaniuma kwamba hayakuwa yangu.

Silinda yake ni moja, kubwa kama sufuria ya matangani. Gia iko mguu wa kulia, breki mguu wa kushoto, kana kwamba aliyeiunda alikuwa akijitazama kwenye kioo. Kipuri chake hakipatikani Kamina, wala Lubumbashi, wala popote. Pistoni ilichongwa na mtu wa karakana ya reli, valvu ilikatwa kutoka ya lori. Kiti ni kimoja, cha ngozi, kimekalia springi mbili, kwa mtu mmoja tu. Nyuma yake kuna kibebeo cha chuma. Mke wa Ajida, alipokuwa hai, alikaa juu ya kile chuma mara moja, na mto chini yake. Alishuka katikati ya njia, akamaliza safari kwa miguu, mto kichwani.

Lakini sauti! Hapo nilikuwa nanyamaza hata mimi. Kwetu, kabla watu hawajaanza kusema moto kwa Kifaransa, pikipiki iliitwa tukutuku. Wazee wanasema hivyo mpaka leo. Na Mbelgiji, akisimama injini ikiwa inapumua taratibu, anajitaja jina lake mwenyewe: tuku, tuku, tuku, tuku. Unaweza kumsindikiza kwa wimbo. Ugomvi wetu wote, ukiuchuja, ulikuwa juu ya neno hilo. Ajida alisema neno tukutuku ni la ile yake peke yake, kwa sababu ndiyo inayolisema. Mimi nilisema jina la kitu linatoka kwa watu wanaokipanda, na kwetu baba alipanda tukutuku.

Tuligombana kila Jumapili. Mimi nikitoka kanisani nashika barabara ya Base, yeye anatoka Base, tunakutana nusu ya njia penye kibanda cha mama mmoja anayeuza karanga na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi ambacho hata Mmethodisti anaruhusiwa kukinywa kikiwa bado kitamu.

"Nilikusikia toka kule kwa kona," alikuwa anasema kabla mguu haujagusa chini. "Nikasema, ah, fundi wa nguo iko anakuya na machine yake ya kushona."

"Na weye nilikusikia toka kanisa. Pasta alikatisha maombi, akauliza kama vita imerudi."

"Minyi nikipita, bantu banasimama." Kwetu minyi ni mimi, bantu ni watu.

"Banasimama sababu weye mwenyewe umesimama. Ilikufia tena mu mchanga?"

"Haikufa. Ilipumzika."

"Ya kwangu haijuake kupumzika."

"Njo maana haiheshimiwe, mutoto ya mwalimu! Kintu yenye haichoke, nani atasema asante?"

Mutoto ya mwalimu. Hivyo ndivyo aliniita, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya mama wa karanga, na mimi nikaitika.

Kulikuwa na kazi moja tuliyofanya kabla ya kunywa. Mbelgiji anatetemeka sana, na katika kutetemeka anaangusha bulon, yaani bolti, njiani kama mti unavyoangusha majani. Kwa hiyo tulizihesabu. Mimi nilihesabu upande wa kushoto, yeye wa kulia, kisha tunabadilishana, kila mmoja akirudia hesabu ya mwenzake, maana hakuna aliyemwamini mwenzake. Ikipungua moja, tunarudi nyuma kwa miguu, macho chini, tukitukanana taratibu mpaka tuipate. Nadhani mambo yetu mengi ya maana tuliyasema tukiwa tunatafuta bulon. Mtu akitazama chini anasema kwa urahisi.

Sheria ilikuwa moja: hakuna aliyepanda ya mwenzake. Ukipanda, utaipenda, na ukiipenda, Jumapili ijayo tutazungumza nini?

Hoja yangu kubwa ilikuwa kiti. "Yangu inabeba mtu wa pili," nilikuwa namwambia, na yeye anabaki kutafuna karanga. Kisha mke wangu akafariki. Watoto walikuwa wamekwisha kuhama, mmoja Kolwezi, mwingine Lubumbashi, na baada ya matanga wakarudi kwenye kazi zao. Jumapili ya kwanza nilipoweza kushika tena barabara ya Base, tulihesabu bulon, tukakaa, akanishinda kwenye sauti, akanishinda kwenye chuma, nami namwangalia tu.

"Sema ya kiti," akaniambia.

Nikatikisa kichwa.

"Mutoto ya mwalimu. Umesahau ya kiti. Sema."

"Hapana, Ajida."

"Bon," akasema. "Basi leo minyi njo nashinda." Na akaangalia barabara kama mtu aliyeshindwa. Hoja ya kiti haikurudi tena kwenye meza yetu. Niliona kwamba hata yeye, aliyekuwa akizoa kila ushindi, huo hakuuokota.

Ugonjwa wake ulianza kwa mambo madogo. Alihesabu upande wa kulia, akahesabu tena upande ule ule wa kulia, akadhani ni wa kushoto. Jumapili moja alinikuta kibandani akaniuliza kama baba yangu hajambo, na baba yangu alikufa kabla hatujajuana. Binti yake, aliyekulia Base kisha akaolewa kwao Mbandaka, alikuja kumchukua. Wangepanda treni hadi Lubumbashi, kisha ndege hadi Kinshasa, kisha mashua. Pikipiki ya kilo za ng'ombe haikuwa na mahali katika safari hiyo. Siku ya kuondoka aliisukuma mwenyewe mpaka uani kwangu, akaiegemeza ukutani kando ya Mjapani, kisha tukaenda stesheni.

Sasa sikiliza lililotokea stesheni, maana ndilo lililonisumbua. Kwetu anayeondoka humwambia anayebaki, "Bakiya muzuri." Yeye alikuwa amekwisha kukaa dirishani, treni imeanza kuvuta, akatoa kichwa nje, akasema:

"Bakiya nayo."

Nami nikapunga mkono! Mimi, mtu ambaye akiuziwa mfuko wa misumari anauliza kama mfuko nao umo ndani ya bei! Treni ilikuwa imefika kwenye kona ndipo neno lilipoanza kugeuka kichwani mwangu. Sokoni kwetu, mteja akimaliza kulipa unamwambia bakiya nayo, maana yake ni yako, nenda. Jirani akikuomba umshikie mzigo akaogelee mtoni, naye anakwambia bakiya nayo, maana yake ilinde, nitarudi. Neno ni hilo hilo. Aliisema ipi? Amenipa, au ameniwekesha? Na mtu mwenyewe Kiswahili amekijifunza ukubwani, anafikiri kwa Lingala, anasema kwa Kiswahili, na kichwa kimeanza kuhama. Nikasimama pale stesheni mpaka wauza mikate wakaondoka.

Baada ya hapo Jumapili zilikuja zikiwa ndefu. Nilikwenda kibandani na Mjapani mara chache, mama wa karanga akaweka vikombe viwili kwa mazoea, akaondoa kimoja kwa haya. Nikaacha kwenda. Nyumbani nilichukua kitambaa nikampangusa Mbelgiji vumbi, kwa sababu kitu cha amana hupanguswa. Nikahesabu bulon upande wa kushoto, nikazunguka nikahesabu za kulia. Kisha nikasimama. Zamu ya kurudia haikuwa yangu. Nikazunguka tena nikarudia mwenyewe, na ilikuwa sawa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hesabu iliyotimia haikunipa raha yoyote.

Nikapata mgeni. Alikuwa bwana wa Lubumbashi mwenye viatu visivyojua mchanga wetu, anayezunguka akinunua vitu vya enzi za Wabelgiji. Mtu fulani alimwambia habari za uani kwangu. Akamzunguka Mbelgiji, akampiga picha, akachuchumaa, akagusa springi za kiti kwa kidole.

"Papa, hii iko nzuri sana," akasema. "Mushe mumoja, tajiri, iko anajenga hoteli kule Lubumbashi. Tutaiweka kwa mlango. Tutaipaka rangi nyekundu, tutatia miguu mu simenti, na maua huku na huku."

"Itakuwa inatembea?"

"Itembee kuenda wapi? Bantu batapiga nayo picha."

Kisha akataja bei. Na hapa mwili wangu ulinisaliti, kwa sababu ulifanya kazi yake. Nilicheka kidogo, kama mtu aliyesikia habari ya aibu kuhusu mtu mwingine. Nikaangalia mbali. Nikamsikitikia kwa safari yake ndefu. Nikamwonyesha nembo kwenye tangi, nikasugua kwa kidole gumba, nikanyamaza. Akapandisha bei. Nikamwonyesha taa. Akapandisha tena. Nilikuwa nimekwisha kumshinda yule bwana kabisa, amechoka, anafuta jasho, bei nimeihesabu kwa vidole, ndipo nikakumbuka kwamba sijui kama nina kitu cha kuuza.

"Iko na mwenyewe," nikasema. "Lazima nimuulize."

"Muulize. Narudia na treni."

Kama unaijua treni yetu, unajua kwamba siku yake ya kurudi haijulikani hata na treni yenyewe. Inaweza kuwa wiki hii, inaweza kuwa mwezi ule. Kwa hiyo muda wangu wa kupata jibu haukuwa na mwisho ninaouona, lakini ulikuwa na mwisho. Kila nikisikia honi upande wa stesheni nilitoka kuchungulia barabara. Kwa upande mmoja, Mbelgiji akiwa wangu, ningemuuza au nisimuuze, shauri langu. Akiwa amana, sina haki ya kufungua mdomo. Na ndani kabisa, chini ya hesabu zote hizo, kulikuwa na jambo lisilo la biashara: ule ukuta ukibaki na Mjapani peke yake, ubishi wangu utakuwa umekwisha rasmi, na sitakuwa na mtu hata wa kumpangusa vumbi.

Nikamtafuta binti yake kwa simu. Mtandao wa Mbandaka na wa Kamina haisalimiani kila siku. Hatimaye akaitika.

"Jambo yenu, papa. Habari ya Kamina?"

Nikamwambia nataka kumuuliza baba yake neno moja.

"Unaweza kumusemesha, papa," akasema polepole. "Lakini asipokujua, usikasirike. Kichwa yake inaendaka, inarudiaka. Batoto yangu anabaita ba caporal, sawa askari wake."

Akampa simu. Nikasikia kupumua.

"Ajida! Ni minyi. Wa Kamina."

"Kamina iko mbali," akasema kwa adabu, kama unavyomwambia mgeni aliyepotea, na akairudisha simu.

Sikuuliza neno langu. Nilikaa nimeshika kile kisimu. Kisha nikaangalia ukutani, na nikapata wazo ambalo mtu mwenye akili angelikataa. Ajida hakunijua kwa sauti yangu. Lakini hata sisi, Jumapili zote zile, hatukuanza kujuana kwa sauti zetu wenyewe. Tulisikiana kwanza kwa injini, toka kwenye kona.

Asubuhi iliyofuata nilimtoa Mbelgiji katikati ya ua. Nilikuwa sijawahi kumwasha. Nilijua utaratibu wake kwa kutazama tu, kama Mmethodisti anavyoijua misa. Fungua petroli. Bonyeza kile kibonyezo kwenye kabureta mpaka itokwe na machozi. Rudisha nyuma kile kijiti cha mkono wa kushoto kinachoitwa avance, kinachoamuru cheche iwahi au ichelewe. Shusha kiki taratibu mpaka ukutane na nguvu yake, inua valvu, isogeze kidogo, kisha simama kwa uzito wako wote na umwombe Mungu. Nilisimama kwa uzito wangu wote, Mbelgiji akairudisha kiki juu kwa uzito wake wote, ikanipata kwenye mfupa wa mguu. Nilimtukana kwa Kiluba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nilitamani Lingala. Majirani walikuja ukingoni mwa ua. Mmoja akauliza kama nimefungua gereji. Mwingine akanishauri nisukume, akasimama pale pale bila kunyoosha mkono. Jua lilikuwa limepanda ndipo injini ilipokohoa, ikakohoa tena, halafu ua mzima ukaanza kutetemeka: tuku, tuku, tuku, tuku. Kuku walikimbia. Labda walikumbuka.

Nikapiga simu, nikamwomba binti amwekee baba yake sikioni, nikaishusha yangu karibu na bomba la moshi. Nikaacha hivyo kidogo. Nilipoirudisha sikioni, kulikuwa na kelele tayari.

"Avance! Avance, weye! Pandisha avance! Unaiunguza!"

Kweli. Baada ya kuwaka nilisahau kukirudisha kijiti mbele. Nikakisukuma. Sauti ikafunguka, ikawa nyepesi, safi.

"Njo vile," akasema Ajida. Nikamsikia akitulia. "Weye nani, unatesa tukutuku yangu?"

Yangu. Masikio yangu ya sokoni yalilikamata neno hilo likiwa bado hewani. Basi ni amana, nikasema moyoni. Lakini neno moja si ushahidi, nikarudia hesabu.

"Kwani ulimuachia nani?"

"Mulunda wangu," akasema. Mulunda ni rafiki, kwa Kiluba; neno letu, alilichukua kwetu akaenda nalo. "Kule Kamina. Mutoto ya mwalimu. Iko na Mujapani moja inalia sawa mbu. Unamujua?"

Mbelgiji alikuwa anajitaja jina kando yangu.

"Namujua kidogo," nikasema.

"Mubishi! Hajuake kushindwa. Mutu anauza buji ya zamani anasema ni mupya."

"Nimesikia vile. Ajida, ile tukutuku ulimupatia, ao ulimuachia alinde?"

"Nilimuambia abakiye nayo."

"Njo nauliza. Kubakia ya kulinda, ao kubakia ya kupewa?"

"Kubakia ni kubakia!" Akakasirika kabisa, kama zamani. "Weye unauzaka mihogo? Ule mutu iko peke yake, unasikia? Bibi yake alikufa. Batoto baliendaka. Minyi nikiondoka na tukutuku, atabishana na nani? Na ukuta?"

Nilikuwa naangalia ukuta.

"Muambie," akasema, na sauti ikaanza kupungua, kama mtu anayetembea huku akizungumza. "Muambie haijashinda, ile Mujapani. Muambie ahesabu bulon."

"Nitamuambia."

"Muambie upande ya kulia njo inaangushaka sana."

"Nitamuambia, Ajida."

"Asante, caporal," akasema, na binti akaichukua simu.

Nilimzima Mbelgiji. Majirani walikuwa bado wamesimama wakisubiri kitu kingine cha kuona, nikawaambia gereji imefungwa. Walipoondoka nilitimiza ahadi, kwa sababu ujumbe ni ujumbe hata ukitumwa kwa aliyeubeba. Nikajiambia kwa sauti, pale uani: Mjapani hajashinda. Hesabu bulon. Upande wa kulia ndio unaoangusha sana. Nikahesabu. Upande wa kulia ilipungua moja, nikaitafuta, ikaonekana karibu na mlango wa jikoni.

Bwana wa Lubumbashi alirudi na treni, viatu vingine, mchanga ule ule. Alikuja na watu wawili wa kusukuma.

"Papa, mwenyewe alisema nini?"

"Alisema hapana."

"Alisema hapana, namna gani? Si tulipatana bei? Weye mwenyewe ulihesabu!"

"Nilihesabu mara moja tu," nikamwambia. "Minyi nahesabuka mara mbili."

Aliongeza bei, na ninakiri ilikuwa bei nzuri, nikaisifu. Nikamkaribisha munkoyo. Akaondoka na wasukumaji wake, akasema sisi watu wa Kamina ni wagumu. Sikubisha, kwa hilo.

Jumapili, baada ya kanisa, nilivunja sheria. Nilikaa kwenye kile kiti cha ngozi cha mtu mmoja, springi zikalia chini yangu, zikakuta mtu mwepesi kuliko zilivyozoea. Gia mguu wa kulia. Nilikosea mara kadhaa, nikakanyaga breki nikitaka mwendo. Penye mchanga mwingi, kabla ya kufika kibandani, gurudumu la nyuma likazama, injini ikafa. Nikashuka. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, ule utupu wa saa ya mchana ambapo hata mbuzi wako majumbani.

"Hapa," nikasema kwa sauti, "Mujapani ingekuwa imekwisha kufika."

Nikangoja kidogo, kama unavyompa mwenzio nafasi ya kumeza karanga. Nikahesabu upande wa kushoto, nikahesabu wa kulia, nikazunguka nikarudia kwa niaba yake. Zilikuwa zote. Nikabonyeza kabureta mpaka ikatokwa na machozi, nikarudisha avance nyuma, nikasimama kwa uzito wangu wote. Safari hii ilishika kwa teke la kwanza. Nikasukuma avance mbele bila kuambiwa.

Tuku, tuku, tuku, tuku. Ile hoja ya jina nikamwachia Ajida.